Maswali na majibu: Shimo limejaa, msichimbe tena

Masika yakiingia, maswali ni yale yale: shimo la choo limejaa, maji yametuama uwanjani. Nimechagua ya wakazi wa Kigamboni, Mikocheni, Tegeta na Msasani, jijini Dar es Salaam, ambako ardhi imelala kama mkeka na maji hayana pa kukimbilia.

Fundi, shikamoo. Shimo letu la kunyonyea maji ya karo (tangi la majitaka ya choo) lina futi 10 na limejaa tangu mvua zianze. Mchimbaji anataka aongeze futi 5. Tumruhusu?

Marahaba. Msimruhusu. Lililojaza shimo hilo si maji ya choo chenu peke yake, ni maji ya ardhini yaliyopanda na mvua. Mkiongeza futi 5 mtapata kisima kirefu zaidi, na kinyesi kitaingia moja kwa moja kwenye maji anayovuta jirani kwa pampu. Kitako cha sehemu ya kunyonyea kinapaswa kukaa angalau mita 1.2 juu ya maji ya ardhini ya masika. Pwani nafasi hiyo huipati kwa kwenda chini. Unaipata kwa kwenda juu na kutanua.

Pimeni kwanza, tena Aprili, si Septemba. Chimbeni kishimo, kiacheni kilale, asubuhi pimeni kutoka usawa wa ardhi hadi maji yalipo. Tuseme ni sm 60. Kwatueni ardhi, mwageni tuta la mchanga safi wa chenga, kina sm 60. Hapo mita 1.2 imetimia. Maji yakiwa karibu zaidi, mchanga uongezeke. Juu yake wekeni kokoto sm 25 zenye bomba la inchi 4 lililotobolewa, kitambaa cha kuzuia udongo, kisha udongo sm 30 na nyasi. Usipandwe mti hapo, wala gari lisipite. Kwa kuwa tuta liko juu kuliko karo, mtahitaji pampu ya majitaka yenye boya la kuiwasha maji yakipanda, ndani ya chemba yake baada ya karo. Na karo lenyewe liwe na vyumba viwili, la sivyo tope litafika kwenye kokoto na kazi yote itaharibika.

Naweza kuunganisha gata za paa kwenye karo ili uwanja usijae?

Nimelijibu hili kila masika. Hapana! Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000. Maji hayo yanakoroga tope lililotulia na kulisukuma kwenye sehemu ya kunyonyea. Ikishaziba kwa tope, kuizibua ni vigumu mno. Mara nyingi unajenga nyingine. Gata ziende kwenye tangi, na tangi likijaa limwagie kwenye mfereji.

Gari la kunyonya majitaka liliondoka saa 4, na jioni karo letu la plastiki likawa limeinuka na kuvunja mabomba. Fundi kakosea?

Kosa ni kulimaliza lote katikati ya masika bila kulifunga chini. Karo tupu la lita 3,000 lililozungukwa na maji husukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani 3. Mita moja ya ujazo ya zege ina kama tani 2.4, lakini ikizama hubaki na 1.4 tu. Kwa hiyo mnahitaji mita za ujazo 2.2 za zege chini yake, na karo lifungwe humo kwa mikanda isiyooza. Nyonyeni kiangazi, kisha jazeni maji safi siku hiyo hiyo.

Hamira ikimwagwa kwenye karo inapunguza tope?

Haipunguzi, tope na povu vikifika theluthi ya kina, ita gari.

Maji yanatuama mlangoni siku tatu. Tumwage kifusi?

Kifusi kinahamishia maji kwa jirani, na mwakani naye atawarudishia. Anzeni na mpira wa levo (mpira mwangavu wenye maji, wa kupimia usawa): tafuteni sehemu ya chini kabisa ya kiwanja na mahali maji yanapoweza kutokea. Kutoka ukutani, ardhi iteremke sm 2 kwa kila mita, kwa mita 3 za mwanzo. Mfereji uteremke walau sm 5 kwa kila mita 10. Mtaro wa kokoto usio na pa kutokea ni beseni lililofukiwa, na wengi mnauziwa huo. Na acheni kusakafia uwanja mzima. Mchanga wa pwani unakunywa maji mengi ukiachwa wazi.

Jirani anatapisha choo mvua ikinyesha, yaani anafungulia majitaka yaende na maji ya mvua. Tumuige? Au kijana aingie azoe tope?

Msifanye hata moja. Kutapisha ni kupeleka kipindupindu kwenye madimbwi wanayochezea watoto wenu wenyewe, na kwenye visima vifupi vya mtaa mzima. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa leo. Kijana naye asiingie kabisa, hata kwa dakika moja. Hewa ya karo huanza kwa kunuka yai bovu, ikizidi pua haiisikii tena, na mtu anaanguka. Anayeruka kumwokoa huanguka juu yake. Mfuniko ukiwa wazi, watu wakae mbali na mdomo wa shimo, asivute mtu sigara, na bomba la gari ndilo liingie.