Ndama Aliniachia Fangasi, Krimu Ikaniongezea

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mbalizi aliniandikia kwamba mwanawe ana mapunye, kwamba amempaka krimu kichwani kwa mwezi mzima, na kwamba nywele bado zinakatika. Nitamjibu, lakini kwanza naomba nieleze yaliyonipata mwenyewe, kwa sababu kosa lake na langu ni la ukoo mmoja.

Mimi niliambukizwa fangasi wa ngozi na ndama. Huku Rungwe wengi wetu tunafuga ng'ombe wa maziwa bandani, na masika ile ndama wangu alitoka magamba ya kijivu kuzunguka macho, kana kwamba mtu amemshika uso kwa vidole vyenye majivu. Nilidhani ni uchafu, nikawa namsugua kwa mkono mtupu kila nilipomnywesha maziwa. Baada ya wiki mbili hivi nikaona duara jekundu mkononi, ukingo wake umeinuka na kujaa vipele vidogo, katikati pamepauka kama panapopona.

Kijana wa duka la dawa hakuuliza lolote. Alinipa krimu ya mchanganyiko, na usiku huohuo mwasho ukatulia. Nilimsifu kwa majirani. Kumbe ndani yake mlikuwa na betamethasoni, ambayo hutuliza wekundu na mwasho huku ikiipunguzia ngozi uwezo wa kupambana, hivyo fangasi husambaa kimyakimya. Kila nilipoacha kupaka, duara lilirudi likiwa pana zaidi, nami nikanunua tyubu ya pili, ya tatu na ya nne, huku nikivaa sweta zilizokaushwa nusunusu juu ya moto wa jikoni, kwa kuwa mvua ya Tukuyu haimpi mtu jua la kuanikia. Unyevu huo nao ni chakula cha fangasi.

Miduara ilipofika shingoni, katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa walianza kunong'ona kuhusu ugonjwa mwingine kabisa, na kikombe changu cha chai kikawa kinawekwa peke yake pembeni ya sinia. Kikombe kile sijakisahau.

Mwezi wa tano nilishuka Mbeya mjini kwa daktari wa ngozi, ambaye alikwangua magamba kidogo, akayapima kwa hadubini, kisha akaniandikia klotrimazoli tupu, yaani krimu ya kuua fangasi isiyochanganywa na betamethasoni: mara mbili kwa siku, nipake hadi nje kidogo ya ukingo, na niendelee wiki mbili baada ya ngozi kuwa safi. Nilipona kwa dawa ya bei nafuu kuliko tyubu moja ya ile ya kwanza.

Sasa, mama yangu wa Mbalizi, mapunye ya kichwani yamejificha ndani ya unywele na shina lake, mahali ambapo krimu haifiki. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kwa kawaida griseofulvini au terbinafini, kwa kipimo kinachofuata uzito wake, hivyo mpeleke kituo cha afya wala usimkisie. Griseofulvini humezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, mara nyingi kwa wiki 6 hadi 8, na wazazi wengi hukosea kwa kuiacha wiki ya tatu wanapoona nywele zinachipua. Pakivimba na kutoa usaha, usisubiri hata siku moja.

Wazazi wenzangu wa nyanda hizi za baridi, kofia moja ya sufu isizunguke vichwa vya watoto wanne, na kinyozi asafishe mashine mbele ya macho yenu. Kagueni vichwa vya watoto wote wa nyumba, si vya mgonjwa peke yake. Na tusiwatenge, mtoto akishaanza dawa anaweza kwenda shule.

Ndama yule sasa ni mtamba, na alipona bila dawa, kama ilivyo kwa ndama wengi. Lakini mbegu za fangasi hukaa kwenye mbao za banda kwa miezi mingi, kwa hiyo nguzo zile bado nazishika kwa glovu.