Kabla Hujapandisha Taa za Krismasi, Pita Kwanza kwa Mtendaji

Juzi dada mmoja kaniandikia kutoka Tabora. Kamaliza nyumba, kaweka geti jipya, na anataka Krismasi hii mtaa mzima ujue kuwa amehamia. Akauliza: "Kaka, hivi kupamba kwangu nako kunahitaji kibali?" Swali lake limenigusa penye kidonda.

Mimi niko Kigoma, Mwanga. Mwaka ule nilijinyima tangu Agosti. Nikanunua taa za rangi, spika kubwa, na kitambaa cha kuwatakia watu heri ya sikukuu, chini yake jina la duka la mke wangu. Mwenyekiti wa mtaa nilimwambia tukiwa kwenye kahawa, akasema hamna shida. Nikaita vijana wawili, tukafunga taa kuanzia kwenye bati, zikapita juu ya mkrismasi wangu uliokuwa mwekundu kwa maua, zikavuka njia mpaka nguzo ya umeme ng'ambo. Usiku wa kwanza watoto wa mtaa walijaa pale hadi saa nne. Nasema kweli, sijawahi kujiona mtu kama usiku ule.

Tarehe 24 asubuhi mtendaji akaja na mgambo. Hakunifokea. Alinyoosha kidole kwenye nguzo: "Hii ni ya kwako?" Akaonyesha njia: "Na hii?" Akageukia kitambaa: "Na hili bango la biashara umelilipia?" Nikamtaja mwenyekiti. Akaniuliza, "Kibali chenye muhuri kiko wapi?" Mgambo akapanda ngazi yangu mwenyewe, akakata waya kwa koleo, watoto wakiangalia. Faini nililipa kwa kontrol namba, hiyo nimeisahau. Mlio wa lile koleo sijausahau.

Baadaye nikajua aliyenishtaki ni jirani wa ukuta mmoja, mtu tunayeazimana chumvi. Mama yake alikuwa mgonjwa, na spika yangu ilielekea dirishani kwake. Angenigongea ningezima. Mpaka leo linaniuma kwamba hakunigongea. Lakini na mimi sikuwa nimemgongea kumwambia naweka spika.

Kuna kingine sikukisema kwa mtu. Nilipokuwa nakusanya zile waya nikakuta kiungo nilichofunga kwa mfuko wa nailoni kimeyeyuka. Ndani maji ya mvua, plastiki imeungua nyeusi, shaba iko nje. Kilikuwa kinaning'inia usawa wa kichwa cha mtoto. Huku Desemba mvua hainyeshi kwa hodi, ndugu zangu, na bati likishika umeme nyumba nzima imeshika.

Basi dada yangu, ukuta wako ndio mwisho wako. Barabara ya mtaa ina hifadhi yake, yaani ule ukanda wa pembeni, na iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hata kama wewe ndiye unayeifagia kila asubuhi. Nguzo ni ya TANESCO, shirika la umeme, usiifunge hata uzi. Na kwa huko Tabora naongeza: ile miembe ya barabarani si yako, usiipigilie misumari. Kila manispaa ina sheria ndogo zake, kwa hiyo nenda ofisi ya mtaa uulize za kwenu. Mwenyekiti tunamchagua, mtendaji ameajiriwa na halmashauri. Pata neno la wote wawili, na liwe kwenye karatasi. Muziki wa nje uombee kibali. Jina la biashara lina ada yake, liondoe kwenye kitambaa. Na waya, ita fundi.

Tuache kudhani sikukuu ni ya mwenye taa nyingi. Wenzetu wa Ujiji wanapamba vichochoro wakati wa Maulidi, na wanaofanya vizuri ni wale waliokaa na majirani kwanza. Mkristo, Mwislamu, sheria ni hiyo hiyo. Kaeni na majirani. Narudia, kaeni na majirani.

Barua yangu ya kuomba kibali mwaka huu ni fupi: jina, namba ya nyumba, siku ya kufunga mapambo na siku ya kuyatoa, saa ya kuzima muziki, na sahihi za majirani wa pande zote. Ninazo tatu. Ya nne ni ya yule wa ukuta mmoja, na kesho jioni naenda kumgongea.