Kabla ya Kuchagua Aina ya Mbwa, Itazame Siku Yako

Watu wanaoniomba ushauri kuhusu mbwa, wengi wao wakiwa majirani zangu wa Nakuru na jamaa walioko Kisumu, huanza kwa kunitajia aina wanayoitamani: German Shepherd, Rottweiler, na siku hizi hata Husky. Mimi huwauliza kwanza ni nani hubaki nyumbani kutwa, uwanja wao una ukubwa gani, na ni kiasi gani cha fedha kitakachobaki kila mwezi baada ya karo na kodi ya nyumba kulipwa. Majibu ya maswali hayo hunionyesha mbwa anayewafaa vizuri zaidi kuliko picha waliyoiona kwenye simu.

Karibu kila aina ya mbwa yenye jina ilikuzwa na binadamu kwa ajili ya kazi fulani, na hamu ya kazi hiyo haimtoki mbwa kwa kuwa amehamia Lanet au Mamboleo. German Shepherd alianza kuandikishwa rasmi nchini Ujerumani mwaka wa 1899 na Max von Stephanitz, ambaye alitaka mbwa wa kuchunga kondoo, mwenye nguvu za kukimbia siku nzima na akili ya kufuata amri. Mbwa wa asili hiyo akifungiwa kibandani tangu alfajiri hadi mwenyewe arudi kazini jioni, hujitafutia shughuli: hufukua bustani, hutafuna mlango wa kibanda, hubwekea kila boda boda inayopita, na mwishowe huanza kumwogopa au kumshambulia kila mgeni kwa sababu hajazoea watu. Nimewafuga mbwa hawa Nakuru kwa miaka mingi, na sijaona mbwa anayefundishika kwa urahisi kama wao, mradi mwenyewe awe na nafasi ya kutembea naye asubuhi kabla ya jua kuwa kali na tena jioni. Asiye na nafasi hiyo, hata akiwa na uwanja mkubwa, simshauri amchukue; uwanja haumfanyishi mbwa mazoezi, kwani akiachwa peke yake hulala tu mlangoni.

Wengi husema wanataka mbwa mkali kwa sababu ya wezi. Ni haja ya kweli, lakini ukali na ulinzi ni mambo mawili tofauti. Mwizi huzuiwa kwanza na mbwa anayesikia upesi na kubweka, ilhali mbwa anayeuma ovyo huwa hatari kwa mtoto wa jirani aliyefuata mpira, kwa mama anayeleta mboga langoni na kwa msomaji wa mita ya maji. Rottweiler, ambaye zamani aliswaga ng'ombe na kulinda mali za wachinjaji huko Ujerumani, hutulia sana akilelewa na mtu mwenye msimamo na akizoeshwa watu tangu utotoni. Lakini dume lake huweza kufika kilo 50 au zaidi, na ikiwa mtu pekee anayeweza kumzuia hushinda kazini, nyumba hiyo haina mtu wa kummudu.

Hali ya hewa husahaulika mno, hasa na wanaonunua mbwa Nakuru na kumpeleka Kisumu. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa Julai mtoto wa mbwa aliyelazwa kwenye saruji tupu hutetemeka hadi asubuhi. Kisumu iko chini kwa mamia ya mita, kando ya ziwa, na joto lake la mchana huambatana na unyevu. Mbwa hapoi kwa kutoka jasho mwili mzima kama sisi. Hupoa zaidi kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu mwingi kuhema humsaidia kidogo tu. Ndiyo maana wenye pua fupi, kama Pug na Bulldog, huteseka huko, nao Husky, aliyekuzwa avute sleji, chombo cha kuteleza juu ya theluji, katika baridi ya Siberia, sioni sababu yoyote ya kumpeleka Kondele. Kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini kidonda hiki atakibeba mbwa. Labrador ana nafuu kwa kuwa hupenda maji na watoto, ila hunenepa haraka asipopimiwa chakula.

Kwa anayeishi kwenye ploti ya kupanga sina mengi: mwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza, kisha tafuta mbwa mdogo asiyebweka sana. Jack Russell ni mdogo kwa umbo tu. Alikuzwa kufukuza mbweha mashimoni na hachoki.

Mbwa ninayempendekeza mara nyingi zaidi kwa familia za Bahati, Kakamega au Siaya ni wa kienyeji, au chotara wake, na wasomaji wengine watanicheka. Mbwa huyu amechujwa na mazingira yetu kwa vizazi vingi: manyoya yake ni mafupi, umbo lake ni la wastani, hula kidogo, na huhimili jua. Hii haimaanishi kwamba hana haja ya dawa ya kupe na minyoo, wala kwamba ugali mtupu unamtosha. Changanya ugali na omena au matumbo yaliyochemshwa, umwekee maji safi siku nzima, na usimpe mabaki yaliyokaangwa kwa vitunguu, kwa maana vitunguu huharibu damu ya mbwa, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka vipande vyenye ncha kali. Sababu ya wengi kumdharau ni kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha chochote. Mchukue angali mdogo, mzoeshe kamba na jina lake, nawe utashangaa.

Aina yoyote utakayoamua, nenda mahali alikozaliwa ukamwone mama yake, kwa sababu mama mwoga au mkorofi mara nyingi huzaa watoto wa namna hiyo. Kwa mbwa wakubwa kama German Shepherd, tazama pia jinsi wazazi wanavyosimama na kutembea, kwani ubovu wa nyonga hurithiwa. Usikubali mtoto aliyeachishwa ziwa kabla ya wiki nane, na muuzaji akitaka mkutane stendi ya matatu badala ya kwake, achana naye. Iwapo uani kwako alikufa mtoto wa mbwa kwa kuhara damu miezi ya karibuni, leta mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa, kwa kuwa kirusi cha parvo, ambacho huleta kuhara kwa namna hiyo, huweza kukaa udongoni kwa muda mrefu. Mwisho, dai kadi ya chanjo yenye sahihi ya daktari wa mifugo, na mbwa akifikisha miezi mitatu apate chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha irudiwe kila mwaka.