Kuvuta boti kwa pikapu, Mwanza hadi Bunda

Mkuu, umesema boti na injini yake ni kilo 1,200 na tela kilo 400. Hizo ni kilo 1,600, na swali la kwanza si nguvu ya injini bali breki. Kwa tela lisilo na breki zake, vitabu vya maelekezo vya pikapu nyingi ndogo vinaishia kilo 750. Kama lako halina, tafadhali usiondoke nalo.

La pili, uzito unaokaa kwenye ndoano ya pikapu, pale tela linapofungwa: asilimia 10 hadi 15 ya mzigo wote, yaani kilo 160 hadi 240 kwako. Azima mizani ya wanunuzi wa pamba, weka gogo juu yake, tela likae sawa na ardhi, kisha telemsha shingo ya tela, yaani chuma cha mbele kinachoshika ndoano, juu ya gogo. Zikipungua kilo 160, sogeza boti mbele, la sivyo tela litayumba ukipita kilomita 60 kwa saa. Kilo hizo zihesabu kama mzigo wa pikapu pia. Usijaze tena nyavu na watu nyuma.

Likianza kuyumba, usikanyage breki ghafla wala kuongeza mafuta. Achia mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka. Minyororo miwili ya usalama, inayofunga tela kwenye pikapu, ipishane chini ya shingo.

Halafu beringi za magurudumu ya tela, ambazo wengi hapa ziwani huzisahau. Ukishusha boti majini na kuzamisha habu, vitovu vya magurudumu vyenye beringi hizo, zikiwa za moto, hupoa ghafla na kunyonya maji ndani. Subiri zipoe, na upake grisi mpya mara kwa mara.