Je, Mfanyabiashara Mkristo Akiomba Msaada Amepungukiwa na Imani?

Swali: Padri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa, na nina tanuri dogo la mikate ya boflo hapa Mwanakwerekwe, Zanzibar. Tangu bei ya unga ipande nimeelemewa. Ninadaiwa na mwenye duka la unga, na vijana wangu wawili wa tanurini sijawalipa mshahara wa mwezi uliopita. Mke wangu sijamwambia. Jirani yangu wa duka la pili, ambaye ni Mwislamu, ameniuliza zaidi ya mara moja kama nina shida, nami humjibu kuwa mambo ni mazuri. Naona kwamba Mkristo anayeombaomba humwaibisha Mungu wake, hasa kwa kuwa imeandikwa kwamba ni heri kutoa kuliko kupokea. Je, nikiomba nitakuwa nimekosa imani? Na je, niache kwanza uzee wa kanisa?

Jibu: Ndugu yangu katika Kristo, kuomba msaada si kukosa imani, na Maandiko yanalithibitisha jambo hilo waziwazi. Lakini kabla ya kufika huko nakusihi uitazame upya hali uliyoieleza, kwa maana umeandika kama mtu ambaye bado hajasaidiwa na yeyote. Vijana wawili wanaoamka usiku kukanda unga bila ya kupewa ujira wao wanakukopesha. Mwenye duka la unga anakukopesha. Mkeo, anayepungukiwa na fedha za matumizi bila ya kuelezwa sababu, anabeba sehemu ya deni hilo hilo. Msaada wa watu hawa umekwisha kuupokea. Ambalo hujalifanya ni kuwaomba. Mimi naliona kosa hapo, wala si katika shida yako, kwa sababu bei ya unga hukuipandisha wewe. Waraka wa Yakobo, 5:4, unasema kwamba ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa unapiga kelele, na kwamba kilio chao kimeingia masikioni mwa Bwana.

Sasa soma Wafalme wa Pili, mlango wa 4. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii alikuwa na deni, na mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nyumbani alibakiwa na chupa ya mafuta tu. Elisha hakumwambia ajifungie ndani asali mpaka deni liondoke. Alimtuma kwanza kwa majirani zake wote akaombe vyombo vitupu, tena akamwonya asiombe vichache. Mungu angeweza kuyaongeza mafuta yale bila ya jirani hata mmoja kujua, naye hakutaka iwe hivyo. Mafuta yalikoma pale vyombo vilipokwisha, maana yake ni kwamba mama yule alipata kwa kadiri alivyokubali kugonga milango ya watu. Kisha akaambiwa auze mafuta, alipe deni, na kinachobaki aishi nacho yeye na wanawe. Mwanamke huyo aliomba, akafanya biashara, akalipa, na imani yake haikupungua mahali popote katika hayo matatu.

Kuhusu neno ulilolitaja, lililoandikwa katika Matendo 20:35, Paulo aliwaambia wazee wa Efeso ili wenye nguvu wawasaidie walio dhaifu. Hakulisema ili dhaifu akatae mkono anaonyoshewa. Paulo huyo huyo, aliyekuwa fundi wa mahema na kujitegemea kwa mikono yake, alipokea msaada wa Wafilipi zaidi ya mara moja alipokuwa Thesalonike, na akawashukuru kwa maandishi.

Jirani yako Mwislamu asikutie wasiwasi. Katika Kutoka 18, aliyemwambia Musa kwamba atajichosha bure kwa kuifanya kazi yote peke yake alikuwa Yethro, kuhani wa Midiani, na Musa alimsikiliza. Sisi wa visiwa hivi tunazikana na kuozeshana bila ya kuulizana dini, basi sioni kwa nini tufichane dukani. Tena jirani huyo amefundishwa katika sura ya Baqara, aya ya 280, kumpa muhula mdaiwa aliye katika dhiki, na dini yake inamkataza riba. Kwa hiyo ukienda kwake usimwahidi faida juu ya karadha, maana utamvunjia heshima.

Mwambie mkeo leo hii. Kesho kaa na vijana wako, uwaeleze hali ilivyo na siku ambayo kweli utaweza kuwalipa, na fedha za kwanza zitakazoingia ziwe zao. Kwa mwenye duka la unga, Mithali 6 inamwagiza mtu aliyenaswa na ahadi yake aende upesi akajinyenyekeze na kumsihi jirani yake, wala asilale kwanza. Maneno hayo yalihusu dhamana, lakini yanakufaa. Nenda na daftari lako, taja deni lote bila ya kulipunguza, na omba muhula. Kwa jirani yako omba ushauri kabla ya fedha. Huenda mkaweza kununua mapolo ya unga kwa pamoja kwa bei nafuu. Jihadhari na jambo moja: usiwaombe waumini wanyonge ambao hawawezi kumkatalia mzee wa kanisa. Asiyeweza kusema hapana hakuombwa, ameamrishwa.

Uzee wa kanisa usiuache. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, 3:7, unamtaka kiongozi ashuhudiwe mema na watu walio nje, na mwenye duka la unga ni mmoja wao. Yeye hatakupima kwa kuwa unadaiwa, kwa maana wafanyabiashara wote wa soko hilo wanajua kudaiwa. Atakupima kwa jinsi utakavyomwendea au kumkwepa.