Moto umezimwa, lakini msiingie kwa hiyo stoo bado

Dadangu uliyeuliza kuhusu stoo ya shemeji yako hapo Kisumu, ati faya wameshazima na vijana wako tayari kuingia kutoa mabati na mabelo ya mitumba: wazuie leo, hata kama shemeji atakasirika. Mimi ni fundi mjengo hapa Nakuru, nimebomoa majengo mengi yaliyoungua na nimefanya kozi ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu, na walioumia vibaya zaidi nikiona kwa macho yangu ni wale waliokuja asubuhi yake na koleo.

Ukuta wa kuogopa ni ule wa pembeni unaochongoka juu. Paa likiwepo linaushikilia, mbao zikiungua unabaki umesimama bila kitu cha kuushika. Na huko kwenu nyumba nyingi za zamani ni tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, simiti iko kwa plasta ya nje tu, sasa maji ya faya yakimwagika usiku kucha ule udongo unalainika ndani na wewe ukitazama kutoka barabarani unaona plasta nzuri unafikiri ukuta uko sawa. Halafu mchana upepo wa ziwa unaanza, nyinyi mnaujua kuliko mimi. Watu wa zimamoto hufundishwa kukaa mbali na ukuta kama huo angalau mara moja na nusu ya urefu wake, kwa hivyo ukuta wa mita 5 msiukaribie chini ya mita 8, na hii ni pamoja na wale watoto na mama mboga wanaosimama nje kutazama.

Umesema iko na dari ya mbao ya kuweka mzigo. Hapo ndio naogopa sana. Moto hula mbao karibu milimita 40 kwa saa kila upande unaowaka, mbao ya inchi mbili ikiwaka pande zote mbili ndani ya saa moja imeisha, na belo la kilo 45 likinywa maji huwa zito sana. Kama kuna mabelo bado yako juu, asipite mtu chini yake. Vyuma pia msiviamini, chuma kikifika nyuzi 600 hivi kinapoteza nusu ya nguvu yake au zaidi, si lazima kiyeyuke, na kikipata joto kinarefuka kinasukuma ukuta nje. Tehran Januari 2017 jengo la Plasco, ghorofa 17, liliporomoka likiwaka na wazima moto wenyewe wakafia ndani, watu wa kazi hiyo kabisa.

Sasa kuhusu kuumia. Kuna kijana tulikuwa naye kazi moja hapa, duka lilikuwa limeungua, moto umeisha kabisa, akaingia kuchukua mabati ukuta ukamlalia mapaja yote mawili. Hakuungua popote, damu kidogo tu. Alikaa chini ya mawe masaa mengi juu tulikosa jeki na kila tukigusa mengine yanateremka, na muda huo wote anaongea na sisi vizuri, anauliza simu yake. Tulipomtoa watu wakashangilia, wengine wakasema apewe chai apumzike nyumbani. Tukakataa tukampeleka hospitali, na jioni mkojo wake ulikuwa rangi ya kokakola. Misuli ikibanwa muda mrefu inakufa, ukiondoa uzito ile sumu na potasiamu vinaingia kwa damu kwa ghafla, moyo unaweza kusimama, figo zinaziba. Mwalimu wetu wa kozi alituambia madaktari wa London waliandika habari hii 1941, watu waliotolewa kwa vifusi vya mabomu wakiwa wazima halafu wakafa siku chache baadaye kwa sababu ya figo. Kijana wetu alisafishwa damu kwa mashine wiki kadhaa, alipona, lakini nimeona jinsi familia ilivyouza vitu.

Kwa hivyo mtu akiangukiwa sasa hivi, toeni uzito mara moja, msingoje mtu. Kama amebanwa zaidi ya saa moja piga namba za dharura 1199 au 999 mapema, ni vizuri awekwe dripu kabla ya kutolewa, isipokuwa hawezi kupumua au moto unakaribia, hapo mnamtoa tu. Msimvute kwa kushika mikono yake, shingo inaweza kuwa imevunjika. Aliyevuta moshi na sauti imekwaruza au kuna masizi puani apelekwe hata kama anasema yuko sawa, koo huendelea kuvimba masaa baadaye. Penye kuungua, maji safi ya bomba yanayotiririka dakika 20, si dawa ya meno wala yai tafadhali. Na aliyechomwa na msumari apate sindano ya pepopunda.

Mali mwambie shemeji apige picha akiwa barabarani, zitamsaidia kwa bima. Halafu atafute fundi wa kubomoa, ule ukuta wa kuchongoka uvutwe kwanza na kamba ndefu watu wakiwa mbali, ndio vijana waingie. Niambie tu, juu ya mlango na madirisha kuna linta, yaani boriti ya zege, inayozunguka nyumba yote ama ni tofali tupu? Na yale mabelo ya darini yako upande gani?