Huo unga wa kupimiwa usiupeleke Nzega

Mkuu, hicho kifuko kiweke chini kwanza. Umeuliza unga gani wa kabla ya mazoezi unafaa kwa baiskeli Tabora hadi Nzega Jumamosi, unywe saa ngapi, ubebe maji kiasi gani, na kama ubadilishe gia za nyuma. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo tu, ukasema jamaa wa jimu amekupimia unga na kukwambia "vijiko viwili vinatosha".

Vijiko viwili vya nini? Kopo lake lina kijiko cha plastiki ndani na lebo inayotaja kafeini, ile kemikali ya kahawa inayochangamsha, iliyomo katika kijiko kimoja. Kuna kopo la miligramu 150, kuna la 300 na zaidi, na unga wote unaweza kuwa na rangi ileile ya pinki. Akishaumimina kwenye nailoni na kupiga fundo, lebo imebaki kwake, kijiko kimebaki kwake, wewe umebaki na kijiko cha chai cha nyumbani. Tena huo ni mchanganyiko. Ukitikisika mfukoni chembe zinajitenga, ukipata unyevu unashikana mabonge. Kijiko cha juu na kijiko cha chini si dozi moja.

Sasa piga hesabu. Kiasi cha kafeini kinachomsaidia mwendesha baiskeli ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya mwili. Una kilo 60, kwa hiyo anzia 180, na kama hujazoea hata 120 utaisikia. Vijiko viwili vya unga wa 300 ni 600, yaani 10 kwa kilo! Ukifika 9 kasi haiongezeki tena. Kinachoongezeka ni mikono kutetemeka, moyo kupiga mbio na tumbo kukusaka porini. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidi 400 kwa siku nzima.

Ukimlalamikia kwamba ngozi inawasha, atakwambia "hiyo ndiyo inafanya kazi". Uongo mtupu. Kule kuwashwa ni beta-alanini, kiungo kingine kinachowekwa kwenye unga wa aina hii. Haidhuru, lakini faida yake huja baada ya kuitumia kila siku kwa wiki kadhaa, si asubuhi ya safari. Yeye baiskeli anaijua ikiwa na gunia la mkaa tu.

Na kafeini yenyewe haina nguvu ndani yake. Inaizuia adenosini, ile kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka. Ni kumziba mlinzi mdomo wakati mwizi bado yumo ndani. Ndiyo maana unatoka mjini kama simba, unakanyaga gia nzito, huhisi kitu, na jua likishapanda miguu inakata ghafla. Ada ya somo hili nimeshailipa, nimelala chini ya mwembe nahesabu mapigo ya moyo, na wala haukuwa msimu wa maembe.

Kanuni yangu ni moja: usipojua ni miligramu ngapi, kisipite mdomoni.

Chukua kahawa ya kuyeyuka ya dukani. Kijiko cha chai cha gramu 2 kina kafeini ya miligramu 60 hivi, kwa hiyo vijiko vitatu katika kikombe kimoja ni 180. Chungu kama mwarobaini, lakini unajua unachokunywa. Unaondoka saa 12 asubuhi? Kunywa saa 11, kiazi au mkate ukiwa tumboni. Na ijaribu kwanza siku ya mazoezi mafupi, asubuhi, kwa sababu masaa matano hivi baada ya kuinywa nusu yake bado imo mwilini na usingizi utausikia kwa jirani. Kama uko kwenye dozi ya siprofloksasini, ile dawa ya kuua bakteria, acha kabisa, inalichelewesha ini kuiondoa kafeini. Mwenye presha au shida ya moyo naye asiguse.

Nguvu ni wanga, gramu 30 hadi 60 kwa saa. Uko Tabora, asali nikufundishe mimi? Kijiko cha chakula cha asali kina gramu 17 hivi za wanga. Vijiko vitatu kwenye chupa ya maji, chumvi kidogo, hiyo ni saa moja. Jamaa wa jimu hauzi asali, ndiyo maana hakuitaja.

Gia tutaongea ukishatuma picha ya lebo ya huo unga. Huna lebo? Kamwage, na usimpe hata mwenzako.